Tovuti nzuri, ila mgeni wangu kalala Tanga

Sijui niwape nyota ngapi, basi nieleze tu yaliyonikuta. Nina nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita. Kazi ya tovuti nikaipeleka kwenye ofisi moja mjini, wakanipa kijana. Hela nililipa yote mwanzoni, ujinga wangu huo.

Siku aliyonionyesha kwenye laptop yake nilifurahi mpaka nikamwekea juisi. Picha za bahari zinapishana zenyewe, maandishi yametulia, pembeni pameachwa peupe, macho hayachoki. Simnyimi haki yake, jicho analo.

Wiki mbili tatu baadaye anafika mgeni, kanuna. "Dada, mimi nilikuwa stendi Tanga tangu jana jioni. Kitufe cha kuweka nafasi sikukiona, namba yako sikuiona, nikalala hukohuko." Akanipa simu yake nijionee. Jamani! Ukurasa mzima wa kompyuta umeshindiliwa kwenye kioo kile, herufi kama mayai ya chawa. Ukikuza, nusu inakimbilia nje. Nikavuta kushoto, nikavuta kulia, kitufe nikakikuta kona ya chini kabisa, kijivu mpauko juu ya nyeupe. Na zile picha za bahari? Zimepandishwa vilevile zilivyotoka kwenye kamera, bando la mgeni wa watu linateketea.

Nikampigia yule kijana. "Mama, watu wenye hela wanaweka nafasi kwa laptop." Mwanangu, mimi mwenyewe laptop sina! Akajibu, "Basi waambie walaze simu."

Walaze simu.

Mpwa wangu anasoma mambo hayohayo, akaangalia akacheka. Kuna mstari mmoja tu, wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake yenyewe. Usipouweka, kivinjari kinajifanya ukurasa una upana wa pikseli 980 hivi, yaani vile vidoti vya kioo, kisha kinaubana uenee. Akauweka. Vipimo vya pikseli akavigeuza asilimia, picha akazipunguza uzito, kitufe kikawa bluu iliyokolea, kimetanda kioo kizima, kidole gumba hakikosei. Jioni moja! Anasema mtindo huu wa ukurasa kujipanga kulingana na kioo, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliupa jina tangu 2010. Sasa huyu wa kwangu alikuwa wapi?

Nilikuja hapa kuandika nyota tatu, kwa ajili ya zile rangi, maana wageni wanazisifu hadi leo. Pengine hata nne, kijana bado anajifunza, na kwenye laptop kweli inapendeza. Lakini kila nikikumbuka "walaze simu" damu inachemka. Moja. Na wewe kijana, kama unasoma hapa, domeni yangu, ile anwani ya tovuti, bado iko kwa jina la ofisi yenu, na simu zangu hupokei.