Uzoefu wangu: vikundi vya kuacha pombe Nairobi, AA na vingine

Wengi huuliza kwanza kama kikundi ni cha dini. Mimi huangalia jambo lingine: ukimaliza kuzungumza, kuna anayeruhusiwa kukujibu?

Kwenye AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hakuna. Kwa kama saa moja watu husema kwa zamu, wengine wakisikiliza tu. Mgeni huona kama amepuuzwa, akatoka mbio kuwahi matatu. Hapo ndipo anapopoteza, maana kazi yenyewe huanza mkutano ukiisha: kuchukua namba za simu na kumtafuta aliyekwisha kupitia hatua zote 12 za AA za kuacha pombe akushike mkono. Wenyewe humwita sponsa, neno ambalo Nairobi lina mambo yake (mzee anayemlipia msichana gharama), kwa hivyo mimi husema mdhamini. Kwa kawaida mwanamume huchukua mwanamume, mwanamke huchukua mwanamke. Mpigie kabla ya glasi ya kwanza. Anayehudhuria miezi sita bila mdhamini kisha aseme AA haisaidii, alichojaribu ni viti tu. Ada hakuna, kikapu hupita, na asiye na kitu hukisogeza kwa jirani. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu anaweza kuketi, au ni wa wanaotaka kuacha pombe peke yao.

SMART Recovery, iliyoanza Marekani mwaka 1994, ni kinyume chake. Msimamizi amepewa mafunzo, watu hujibizana, hakuna mdhamini wala kujiita mlevi. Kuna karatasi ya miraba minne: faida na hasara za kunywa, faida na hasara za kuacha. Watu huona aibu kuandika faida za kunywa, na hizo hizo ndizo huwavuta baa mshahara ukiingia. Mikutano mingi ni ya mtandaoni: ya London ya saa moja jioni huku ni saa tatu au saa nne usiku, kulingana na msimu. Weka bando.

Celebrate Recovery ni ya Kikristo waziwazi. Nyimbo na mafundisho kwanza, halafu wanaume kando, wanawake kando. Waliofiwa na wenye hasira wamo pia, kwa hivyo usishangae pombe isipotajwa.

Usiri una tundu moja: kundi la WhatsApp huonyesha namba yako, na kwa namba hiyo M-Pesa inaweza kutoa jina. Tumia laini nyingine isiyo na M-Pesa.

Na anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akitegemea kikundi. Kutetemeka na jasho vinaweza kufuatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Aanzie hospitalini, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.