Tulilipa elfu tano kutazama mchanga: mfereji mkavu wa bonde la Lukuledi

Tulikuwa tunarudi Mtwara kutoka Nane Nane pale Ngongo, mimi, wanangu wawili na binamu yao, tukaamua kushuka Mnazi Mmoja. Shemeji alishaniambia kuna skimu ya zamani ya umwagiliaji bondeni huko, vijana wa kijiji wameigeuza bustani ya kujifunzia. Bodaboda mbili, vumbi la kutosha, tukafika. Kiingilio elfu tano kwa mkubwa, elfu mbili kwa mtoto, na wa kukutembeza yumo humo humo.

Nianze na kilichoniudhi. Mlangoni wamejenga mjusi wa saruji, kijani kibichi, meno nje kama mamba. Jamani, yule mjusi mrefu wa kale, dinosaria aliyechimbuliwa kilima cha Tendaguru huku Lindi, alikula majani! Kijana aliyetupokea akasema mifupa yake iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ni ya mnyama mmoja aliyekutwa mzima. Si kweli. Ule mwili wenye kimo cha mita 13 na ushee ulisimamishwa mwaka 1937 kwa kuunganisha mifupa ya wanyama kadhaa. Na walioitoa ardhini kati ya 1909 na 1913 ni mamia ya watu wa huku, msimamizi wao Boheti bin Amrani, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jina la Boheti sikulisikia wala sikuliona kwenye kibao chochote. Kama mmeweza kununua saruji ya mjusi, rangi ya kuandika jina haiwashindi. (Mwanangu mdogo, ukimuuliza leo aliona nini, atakwambia mjusi.)

Ukishampita huyo mjusi, mambo yananoga. Unatembea ndani ya mfereji mkuu wenyewe, kuta zinakufika kiunoni, mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yalipokuwa yakigeuzwa kwenda majarubani. Lango la chuma limezama kwenye mchanga hadi shingoni, kutu tupu. Hawajauzoa ule mchanga, na kwa hilo nawapongeza. Anayelinda hapo ni mzee aliyekuwa akigawa maji enzi za skimu. Tulipomwamkia, akaukanyaga mchanga kwa kisigino: "Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye aliyetuua."

Akaeleza vizuri kuliko kibao chochote. Mto ukikimbia unabeba kila kitu; ukifika kwenye banio unapunguza mwendo, unatua mzigo. Kila msimu wa mvua walizoa, kila msimu ukarudi. Watu wakachoka kuchanga. Mwaka mmoja mto nao ukasogea upande wa pili, banio likabaki linautazama.

Kisha akawachotea watoto udongo kwenye chupa ya maji, wakatikisa, wakaiweka chini. Kokoto zikatua kwanza, mchanga ukafuata, udongo laini ukabaki unaelea. Mpaka tunaondoka maji yalikuwa bado rangi ya chai ya maziwa. Ndipo akawaonyesha ukingo uliomomonyoka: mstari wa kokoto, wa mchanga, wa mfinyanzi, halafu kokoto tena, yaani mafuriko mengine. Binti yangu akahesabu mafuriko manne mwenyewe. Hapo ndipo yule kijana angeileta Tendaguru yake, maana ni habari ya namna hiyo kwa kipimo kikubwa: tabaka zenye mifupa, katikati yake tabaka za mchanga wenye makombe ya bahari, kwa kuwa miaka milioni 150 hivi iliyopita bahari ilikuwa ikipanda na kushuka pale.

Upande wa viumbe, dimbwi lililobaki nyuma ya banio limeota matete. Tuliona yangeyange, mdiria mmoja, na vyura wasiohesabika. Vibao vya majina ya miti vimefutika kwa jua.

Jambo moja warekebishe leo, si kesho: birika la kugawia maji liko wazi, kina kinampita mtoto, na hakuna hata kamba ya kuzuia. Nilimshika mdogo mkono muda wote. Choo kipo, maji hakuna.

Nawapa nyota nne. Nendeni asubuhi, maana kivuli ni kidogo, na mkubaliane kabisa na bodaboda saa ya kuwafuata. Sisi tulingoja karibu saa nzima tukitafuna korosho. Na ukifika, ulizia mzee wa banio kwanza, kabla kijana wa mlangoni hajakushika.