.404 Jeffery: risasi naipenda, wauzaji wamenichosha

Nasema wazi tangu mwanzo: kwa mbogo na tembo sijashika risasi ninayoiamini kuliko .404 Jeffery, na sijaona risasi inayomtesa mwenye nayo kama hiyo. Mimi ni mwindaji bingwa, kazi yangu ni kuongoza wageni wa uwindaji porini. Nimebeba .375 kwa miaka, nimebeba .416 ya kampuni ya uwindaji (namba hizi ni majina ya saizi za risasi), na zote zinafanya kazi. Lakini nikiambiwa tuingie kwenye matete kumfuata mbogo aliyejeruhiwa, nataka ile ya kizee mkononi. Habari za kasi na uzito mtazikuta popote. Mimi naeleza nilivyoishi nayo, na nilivyotendewa kwa sababu yake.

Kabla ya msimu mmoja niliagiza solidi kwenye duka la silaha Dar es Salaam. Kwa asiyejua, solidi ni ile yenye kichwa kigumu kisichochanua ndani ya mnyama. Inapenya mfupa na kuendelea mbele. Mbogo akishakupa mgongo na kuanza kukimbia, hiyo ndiyo unayoitegemea. Kibali ninacho, leseni iko sawa, pesa ya kutangulizia nimetoa. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri mpaka kampuni ikaanza kupakia magari ya kambini, ndipo simu ikapigwa: mzee, mzigo umefika. Nikapanda basi la alfajiri kutoka Morogoro. Kijana wa kaunta akanisukumia boksi bila hata kuniamkia. Nikalisoma: .416 Rigby.

"Kijana, hii siyo yangu."

"Mzee, ni zile zile. Tena yako .404, hii .416. Umeongezewa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu amekaa nyuma ya kaunta ya silaha, ana leseni ya biashara ukutani, na hajui kwamba .404 inatoa kichwa cha inchi 0.423, kinene kuliko kile cha .416! Hajui kwamba ganda la Rigby, yaani kopo la shaba linalobeba baruti, ni nene zaidi kitakoni, kwa hiyo kwenye chemba ya .404, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, haliingii hata ukilipigilia na nyundo. Na mimi nina bahati kwamba nilisoma pale pale, maana ningeondoka na boksi lile bila kulikagua, ningegundua kosa lake nikiwa porini, safari ya siku nzima kutoka barabara ya lami, na mgeni aliyelipia uwindaji ananisubiri.

Nikamweleza taratibu. Akanisikiliza huku anachezea simu, halafu akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Sasa mzee, bunduki ya mkoloni ya nini? Ipeleke makumbusho. Chukua .375 tukuuzie risasi kila siku." Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka.

Mkoloni. Ni kweli, W.J. Jeffery alikuwa fundi wa London, na risasi hii aliitoa mwaka 1905 hivi. Lakini nani aliyeibeba hapa kwetu? Idara za wanyamapori za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliigawa kwa maofisa na askari wake, na kazi yake kubwa haikuwa kutafuta pembe za kutundika ukutani. Ilikuwa kulinda mashamba. Tembo wakiingia kwenye mahindi na mtama wa watu kule Liwale au Tunduru, wanakijiji walikuwa wanamfuata bwana nyama, na bwana nyama alikuwa anakuja na .404 begani, kwa miguu, na askari wake nyuma. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa askari hao. Watu wale walilala njaa na kuumwa na ndorobo ili wengine wavune, na wengi wao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Halafu kijana aliyezaliwa juzi ananiambia ni ya mkoloni!

Na kama anataka kujua kwa nini haijafa, angeniuliza ningemwambia. Enzi zile Waingereza walikuwa wanajaza kodaiti badala ya baruti za leo, na kodaiti ikipata jua kali inapandisha shinikizo ndani ya ganda. Kwa nchi za joto dawa ilikuwa ganda kubwa lenye nafasi, lisilofanyishwa kazi kwa nguvu zake zote. Ganda la .404 ni refu, limechongoka polepole na bega lake limelala, kwa hiyo linateleza kuingia kwenye chemba na linatoka bila ugomvi. Isitoshe, Jeffery hakuifungia dukani kwake kama Rigby, fundi mwenzake wa London, alivyofanya na .416 yake, mafundi wengine walitengeneza bunduki zake, ndiyo maana idara za serikali ziliweza kuzipata kwa wingi. Hata mwaka 1999, Remington wa Marekani walipotaka magnum yao mpya ya .300, yaani risasi ya nguvu nyingi, walianzia kwenye ganda hili hili la kizee. Makumbusho gani hayo?

Joto lenyewe nimelishuhudia. Ilikuwa Selous upande wa kusini, mwezi wa kumi, wakati ule ambao hata kivuli kinaunguza. Mgeni alikuwa na magnum ya kisasa, nzuri kwa macho, na risasi alizojaza mwenyewe kwao kwenye baridi. Asubuhi nzima zilikaa kwenye dashibodi ya gari. Akampiga mbogo nyuma kidogo ya pale nilipomwonyesha, akavuta bolti, ule mkono wa kutolea ganda na kuingiza risasi nyingine, bolti ikagoma. Ganda lilikuwa limevimba na kung'ang'ania chemba. Anavuta, anapiga na kiganja, haliji. Mbogo kaingia kichakani.

Traka wetu, yaani mfuata nyayo, mzee Mngindo wa Liwale aliyewahi kufanya kazi na akina baba yangu mdogo, hakusema kitu. Aliangalia tu bunduki yangu, akaanza kufuata damu. Tuliingia. Mbogo alitoka kwa karibu sana, kichwa juu, pua mbele, jinsi wanavyokuja wakishaamua. Solidi ya kwanza ilimvunja mwendo, ya pili ikamlaza. Kati ya ile ya kwanza na ya pili sikumbuki kuvuta bolti. Mkono ulifanya wenyewe na ganda likatoka. Teke la .404 pia ni la kiungwana, linakusukuma bega bila kulichapa, kwa hiyo jicho linarudi kwa mnyama haraka.

Sasa niseme ukweli unaoniuma. Kijana anayeanza kazi ya mwindaji bingwa asinunue .404. Achukue .375. Kanuni zetu zinaikubali kwa wanyama hatari wote, na risasi zake haziwi kitendawili. Kynoch, kiwanda cha Waingereza, walipoacha kutengeneza risasi kubwa za aina hii, wenye .404 walibaki wanahesabu akiba kama mchele wa mwisho wa mwezi. Siku hizi kiwanda cha Norma na vingine vinazitengeneza tena, lakini kuzifikisha hapa ni kibali juu ya kibali, na bei ya boksi moja ni kilio. Bunduki ambayo huna cha kuiwekea ni mti tu.

Nimeandika hivyo, nimesoma tena, na moyo unakataa. Kwa sababu tatizo hapo siyo risasi. Risasi haijaniangusha hata siku moja. Aliyeniangusha ni muuzaji aliyechukua pesa yangu, akaniletea kitu kingine, akanitukania na wazee wangu juu yake. Kwa nini nimshauri kijana aachane na kitu kizuri kwa sababu ya mtu asiyejua kazi yake? Kama unayo ya urithi, imesajiliwa vizuri na mtutu wake ni mzima, usiiuze. Kama unaipata kwa bei ya kawaida na una njia ya uhakika ya risasi, nunua. Kama huna njia hiyo, rudi kwenye nilichosema juu, ingawa naandika huku roho inauma.

Msimu ule nilikwenda porini na solidi chache za zamani nilizogawiwa na mwindaji mwenzangu, mzee aliyestaafu, na hakutaka hata shilingi. Pesa yangu ya dukani ilichukua miezi kurudi, tena nusu nusu.

Wiki hii wamenipigia wale wale. Wanasema .404 imefika, ya kweli safari hii, na bei imepanda. Sauti ilikuwa ya kijana yule yule, na bado hakuniamkia. Nimemwambia anitunzie maboksi mawili, kwa sababu hakuna duka lingine lililo nazo na msimu unakaribia. Nitakwenda. Lakini shilingi haitoki mfukoni kabla sijafungua kila boksi pale pale kaunta na kusoma kitako cha kila ganda, risasi moja moja, naye amesimama anaangalia.