Njia ya moramu na uwanja wa ng'ombe: nimelipa mara mbili, ya pili ndiyo imekaa

Januari mwaka jana kijana wa pikipiki ya maziwa alikataa kuingia kwangu. Alisimama barabarani akapiga honi, nikatoka na ndoo mbili, na kabla sijafika getini buti la kushoto likabaki kwenye tope. Nililing'oa kwa mikono miwili. Chini ya tope hilohilo zilikuwa zimelala tripu nne za kokoto nilizolipia Agosti.

Niko Uyui, mkoani Tabora, upande wa barabara ya Nzega, na nina ng'ombe sita wa maziwa, chotara. Juu kwenye nyumba ardhi ni luseni, mchanga tu, maji yanapotea yenyewe. Kasheshe inaanzia bandani kushuka getini, mita kama 40 hivi. Hapo ni mbuga, udongo mzito wa mfinyanzi: kiangazi inapasuka mpaka unaingiza mkono kwenye ufa, masika inavimba na kunata kama ugali wa muhogo.

Mtu wa kwanza simtaji, na wala sina ugomvi naye tena. Alikuja na tipa, akamwaga, vijana wakasambaza kwa reki, jioni nikalipa. Ilipendeza kweli, hata jirani yangu Mama Doto alikuja kupiga picha. Ilipofika Desemba kokoto sizioni. Hazikusombwa na maji, zilizama. Zilikuwa kokoto za mtoni, za mviringo, ambazo hazishikani. Ng'ombe akikanyaga, kila moja inakimbilia kwake na kwato inashuka. Juu ya hayo zilimwagwa juu ya samadi, na mtaro hakuna hata wa kuonyeshea. Nilipompigia simu akanijibu, "Mama, ongeza tripu mbili tu." Sikuongeza.

Fundi wa pili nilielekezwa na muuza mbao. Ni mzee aliyefanya kibarua cha barabara miaka mingi. Alifika wingu limeshatanda, mkononi hana hata jembe. "Mwangaluka, Mama Kulwa. Leo sifanyi kazi, nimekuja kuangalia maji." Mvua ikashuka, akajikunja chini ya mwembe na mwavuli wangu wa kanisani, nusu saa nzima. Nilishaanza kujuta.

Mvua ilipopungua akaniita, akanyoosha kidole juu kwenye bati. Maji yote ya paa la banda yalikuwa yanamwagikia palepale ng'ombe wanaposimama. Paa lile lina mita za mraba 40. Mvua ya milimita 50 ikipiga hapo ni lita 2,000, zinashukia kwenye ukingo mmoja. Miaka mitatu nahangaika na tope na sikuwahi kutazama juu! Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa mawe. Ilikuwa gata na bomba la kupeleka maji kwenye tenki, kisha mtaro upande wa juu wa banda ili maji ya shambani yazunguke yasiingie.

Mengine aligoma kuyafanya mpaka Julai, ardhi ikauke. Vijana wake wanne walikwangua tope na samadi karibu sentimita 20 (bustani yangu ya mchicha ilifaidi), wakatandika viroba vilivyochanwa ili mawe yasimezwe na mbuga. Kuna kitambaa maalumu cha kazi hiyo, lakini mfuko wangu ulikuwa na mipaka na mzee alisema viroba vikifukiwa visione jua vitasaidia. Tutaona. Juu yake wakapanga mawe ya kugongwa, yenye kona, ukubwa wa ngumi na zaidi, wakaziba mianya kwa madogo. Mwisho moramu, ule mchanganyiko wa changarawe na udongo, tabaka mbili, kila moja inamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa ile mashine ya kurukaruka.

Moramu yenyewe nusura ilete ugomvi. Lori la kwanza lilipofika, mzee alichota kiganjani, akatia maji kidogo, akafinyanga donge, akaliachia. Likasambaratika. "Huu mchanga, rudisha." Dereva akafoka kwamba mafuta ameshachoma. Mzee hakubishana naye, alikaa tu juu ya toroli katikati ya geti. La pili donge lilishika bila kunata mkononi, changarawe zikionekana ndani, akasogea. Moramu ikikosa udongo haishikani, ikizidi udongo, unakuwa umenunua tope kwa tripu.

Njia ina upana wa mita 3, katikati wameinua mgongo, karibu sentimita 6 kuliko pembeni. Kwa macho huoni kitu, ila ukimwaga ndoo ya maji unaona yanagawanyika kulia na kushoto. Uwanja wa ng'ombe hauna mgongo, umelala upande mmoja: kila mita inashuka kama sentimita 3, wamepima kwa mpira wa maji, ule wa kuonea usawa. Chini kabisa kuna shimo la kupokea mkojo na samadi. Juu ya mawe ya uwanjani moramu ni laini zaidi, maana jiwe lenye kona likibaki wazi linachoma kwato, na ng'ombe anayechechemea hali vizuri na maziwa yanashuka.

Getini tulipitisha kalavati, kidaraja cha bomba, juu ya mtaro wa barabara. Barabara ile iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hivyo nilianza ofisini kwao kabla ya sululu kugusa chini.

Kwa masika yote niliyoyapita, pikipiki imeingia kila asubuhi. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyepata shida ya kwato, mwaka uliotangulia walikuwa watatu. Samadi nakwangua kila Jumamosi kwa koleo butu; ukiiacha inashika maji kama sponji na kazi yote inarudi kuwa tope.

Sasa lawama. Siku za mnada vijana hawaonekani, na simu hazipokelewi. Mdomo wa mtaro waliuacha bila mawe, maji yakachimba korongo la magotini, nikamlipa kibarua mwingine 30,000 kuliziba. Pembeni mwa njia hawakuweka mawe ya kuzuia, na upande wa mwembe moramu imeanza kumomonyoka. Gharama yote ilikaribia mara mbili ya ile ya kokoto zilizozama. Nikimpa nyota, ni nne.

Kilichobaki ni kuzunguka hori la maji, ambapo wote sita wanagombania kunywa na pameshatengeneza bakuli. Mzee anataka pachimbwe upya na kupangwa mawe makubwa kabla ya Novemba. Nimemwambia aje Septemba, na asiwe siku ya mnada.