Mikutano ya AA jijini Nairobi: tathmini ya ndugu wa mraibu

Kati ya huduma zote ambazo familia yetu imemtafutia ndugu yangu mdogo, ambaye pombe ilimnyang'anya kazi na nusura imvunjie ndoa, mikutano ya Alcoholics Anonymous, ushirika wa waraibu wa pombe wanaosaidiana kuacha kunywa, ambao wengi huuita AA, ndiyo pekee isiyotutoza hata shilingi moja, na ndiyo iliyomfaa zaidi. Ninaieleza hapa kwa ridhaa yake, bila kutaja jina lake wala kikundi anachohudhuria, kwa sababu usiri ndio unaowapa watu ujasiri wa kuingia katika ukumbi ule.

Kukipata kikundi kulikuwa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Orodha ya kwanza ya mikutano iliyotufikia ilikuwa imepitwa na wakati, na ukumbi tulioelekezwa tukaukuta umefungwa kwa kufuli. Mtu aliyechukua wiki nzima kujikaza aende, akikutana na mlango uliofungwa, huenda asirudi tena. Kwa hiyo nasisitiza kwamba mpige simu kuthibitisha siku, saa na mahali kabla ya kumtoa mgonjwa wenu nyumbani. Nambari 1192 ya NACADA, taasisi ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo, na wanaopokea hutoa ushauri na kuelekeza mahali pa msaada. Ulizeni pia kama mkutano ni wa wazi au wa faragha, kwa kuwa jamaa wa mraibu huruhusiwa kuketi katika ule wa wazi tu.

Kuna jambo moja linalotangulia mkutano wowote. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku hapaswi kukatizwa pombe ghafla bila daktari kujua, kwani katika siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kupatwa na mishtuko ya mwili kama ya kifafa na kuweweseka, hali ambayo inaweza kuua. AA haina daktari wala dawa, na haijawahi kudai kwamba inazo.

Mkutano wenyewe una utaratibu mwepesi. Mwenyekiti, ambaye naye ni mraibu aliyeacha, hufungua kwa kusoma maelezo mafupi ya ushirika. Kisha anayetaka kuzungumza hujitambulisha kwa jina lake la kwanza na kusimulia alivyokunywa, kilichomfanya aache na anavyoishi sasa. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemhubiria, na mgeni akipenda kukaa kimya halazimishwi kusema. Yaliyosemwa sitayarudia. Nitasema tu kwamba ndugu yangu, ambaye nyumbani alikuwa amechoka kuonywa na mama, na wazee, na mimi mwenyewe, aliinua uso na kusikiliza, kwa maana kwa mara ya kwanza aliyekuwa akizungumza alikuwa amepita palepale alipokuwa yeye. Sharti la uanachama ni moja, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Kikapu cha mchango hupitishwa, lakini ni hiari.

Utaratibu huo una chimbuko lake. Mwaka 1935, huko Akron katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa akifanya kazi katika soko la hisa, alikutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, na Wilson akaona kwamba kuzungumza na mlevi mwenzake kulimsaidia yeye mwenyewe asirudie chupa. Ndiyo maana anayeingia leo hupewa nafasi ya kumpata mdhamini, yaani mwanachama aliyetangulia, wa kumpigia simu kiu inapomzidi na wa kumwongoza katika zile hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe. Kwa wanaodhani haya ni maneno matupu, mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba mipango rasmi ya kuwaunganisha watu na AA iliwasaidia kudumu bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo, ikiwemo tiba ya kubadili fikra na tabia.

Zipo kasoro, na sitazifunika. Katika vikundi tulivyotembelea, Kiingereza kilitawala kiasi kwamba mtu ambaye hakukizoea angeketi pembeni kama mgeni, na wanawake walikuwa wachache mno. Hatua zile humtaja Mungu mara kwa mara. Zinaongeza kwamba ni Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa, lakini kikundi kimoja kiliendeshwa kama ibada ya dhehebu fulani, na ndugu yangu hakutaka kurudi. Tulipohamia kingine tofauti ilikuwa kubwa, hivyo msikihukumu chama chote kwa ukumbi mmoja. Nauli nayo ihesabiwe, hasa kwa anayetoka mtaa wa mbali na kurejea usiku. Mikutano ya intaneti humfaa siku ambazo hawezi kusafiri, ingawa kwa anayeanza ningechagua ana kwa ana.

Kwa jamaa wa mraibu kuna ushirika mwingine, Al-Anon, ulioanzishwa Marekani mwaka 1951, nao pia hauna ada na una mikutano ya intaneti. Mke wa ndugu yangu anauhudhuria, na hahitaji kumsubiri mumewe aache kunywa ndipo ajiunge.