Ushauri nasaha kwa aliyefiwa na shoga yake: nyota nne kati ya tano

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya dada wa mapokezi, nitafika huko. Jina la kituo nimeliacha makusudi. Nina manung'uniko yangu, na wale ni watu wachache, ukitaja kituo umetaja mtu. Kiko Sinza, ghorofani juu ya fundi wa kuchomelea mageti, na wanatoa ushauri nasaha kwa wafiwa, mmoja mmoja au kwa kikundi. Kikao cha mtu mmoja ni shilingi 50,000, hakifiki saa nzima, unalipa kwa simu kabla hujaingia. Bima yangu iliwakataa.

Nilikwenda kwa ajili ya shoga yangu. Alikuwa na miaka 38, hana sukari, na presha hakuwahi kuambiwa anayo. Tulikuwa kwenye kikao cha kikoba Jumapili jioni, Tabata, barazani kwa mwenzetu, na zamu ya kupokea ilikuwa yake. Amehesabu pesa, amezifunga kwenye pindo la kanga, mara akashika kisogo: "Jamani, kichwa!" Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, na nimemuuguza uzazi wa watoto wote wawili. Akatapika, akalegea. Bajaji, zahanati, gari la wagonjwa, Muhimbili. Kipimo cha CT kikaonyesha damu imetapakaa kuuzunguka ubongo. Jumatatu usiku akafariki. Jumanne baada ya adhuhuri akazikwa.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mlutheri, kwetu msiba mnaulala. Shoga yangu alikuwa Mwislamu, na maiti ya Mwislamu haicheleweshwi. Sina ubishi na dini ya mtu, nasema tu lilivyonikuta: wanaume walibeba jeneza wakaenda makaburini, sisi wanawake tukabaki, na mimi nilibaki na daftari la michango, maana mweka hazina wa kikoba ndiye akafanywa mweka hazina wa msiba. Walioingia walimpa pole mume, wakampa pole mama mzazi, wakawapa pole dada zake. Mimi niliulizwa sukari imewekwa wapi.

Kazini nako hivyo hivyo. Afisa utumishi wetu ni kijana mstaarabu, hakunijibu vibaya, alinisomea tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku zisizopungua 4 za malipo ukifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Akaniambia nikitaka nikate kwenye likizo ya mwaka. Jumatano nilikuwa mezani kwangu nagonga mihuri kwenye vocha.

Halafu yakaanza maneno. Mtu mzima, mzima wa afya, anaanguka dakika chache baada ya kushika fungu la kikoba? Kuna mkono wa mtu. Na mkono wa mwisho kumpa zile pesa ulikuwa wangu. Hakuna aliyenijia usoni, lakini kundi letu la WhatsApp lilinyamaza kila nilipoandika, na shangazi yake mmoja akakataa chai niliyoipika. Pesa zenyewe nilikuwa nimeshamkabidhi mume mbele ya wazee, zikahesabiwa, zikaandikwa. Haikusaidia. Pesa kutimia ndiyo kwanza ikawa ushahidi.

Hiyo ndiyo hali niliyopanda nayo zile ngazi.

Sasa dada wa mapokezi. Chumba cha kusubiria kina watu, feni inazunguka, yeye ananiuliza kwa sauti ya mnadani, "Umekuja kwa tatizo gani, mama?" Nikamwambia msiba. "Umefiwa na nani?" Rafiki. Akaniangalia akarudia, "Rafiki?" Watu wakageuka. Fomu yao ina visanduku vya mwenzi, mzazi, mtoto, ndugu, na mwingine. Kituo kinachouza huduma kwa wafiwa kingepaswa kuwa kimeshakutana na mtu wa aina yangu. Nilikuwa karibu kushuka, ila nilishalipa, na elfu hamsini si hela ya kuachia hewani.

Mshauri mwenyewe ndiye anabeba nyota zote nne. Mama wa makamo, aliwahi kuwa muuguzi, anavaa makubazi ofisini. Aliiona ile fomu, akachukua kalamu akaandika "rafiki" juu ya kile kisanduku cha mwisho, akaiweka pembeni. Hakuniambia nimwachie Mungu. Hakuniambia nijikaze. Aliniambia, "Nisimulie alikuwa mtu wa namna gani." Hilo swali hakuna aliyekuwa ameniuliza, msibani wote walitaka kujua alivyoanguka. Nikamsimulia. Kwamba alikuwa hawezi kunong'ona hata akiwa na umbea wa hatari. Kwamba akiazima kanga ujue umeitoa sadaka. Kwamba alikuwa anacheka kabla kisa hakijafika kwenye kuchekesha, na wewe unacheka naye hujui unacheka nini. Muda ukaisha, aliyefuata akagonga mlango, mama hakuinua macho kwenye saa.

Kikao kilichofuata nikamwambia habari za mkono wa mtu. Nilitegemea atasema nipuuze. Badala yake akaniuliza kama ninajua kilichomuua. Nikasema mshipa ulipasuka kichwani. Akauliza, ulipasuka kwa nini? Sikuwa na jibu, na hapo nikaelewa kwa nini lile la shangazi lilikuwa linanishinda nguvu: yeye alikuwa na maelezo, mimi nilikuwa nayo nusu.

Akachukua karatasi akachora mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, chini kule inapogawanyika matawi. Pale kwenye njia panda ukuta wa mshipa unaweza kudhoofika, ukasukumwa na damu, ukatoa nundu kama tairi la baiskeli lililochakaa. Wenyewe wanaita aneurizimu. Watu 3 hivi katika kila 100 wanayo na hawajui, nyingi hazipasuki mpaka mtu anazikwa kwa uzee wake. Ikipasuka, damu inamwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo kwa ghafla, ndiyo maana maumivu yake hayaanzi kidogo kidogo, yanafika kileleni kwa sekunde. Presha ya juu na sigara zinaongeza hatari, ukoo nao una sehemu yake, na wanawake inawapata zaidi kuliko wanaume. Kisha akaweka kalamu chini: "Lakini mimi si daktari, na mgonjwa wako sikumwona. Andikeni maswali, mwende na familia kwa daktari aliyemhudumia."

Kama ni kulipia, hapo ndipo hela yangu ilipotumika. Nilimpigia shemeji. Tulikwenda watatu, yeye, mimi, na mjomba wa marehemu, mzee ambaye akisema neno Tabata na Muheza wanalisikia. Maswali niliyaandika mimi lakini aliyeyasoma ni mjomba, hilo nalo nilifundishwa na mama mshauri: yakitoka kwangu yatakuwa utetezi. Mzee akauliza bila kuzunguka, mtu anaweza kutupiwa kitu kama hiki? Daktari hakucheka. Akamwonyesha picha kwenye kompyuta, ilipo damu na pale inapoonekana ilitokea, akamwambia nundu ile haikutengenezwa Jumapili. Mjomba akauliza kama pesa au furaha ingeweza kuipasua. Akajibiwa kwamba nyingine hupasuka mtu akiwa amelala. Shemeji akauliza swali lake moja: tungewahi, angepona? Daktari alisema wapo wanaofia njiani hata wakiwahiwa, na wapo wanaopona. Wengine hufunguliwa fuvu wakawekewa kibana kwenye shingo ya ile nundu, wengine hupitishiwa mrija kwenye mshipa wa pajani mpaka kichwani, nundu ikajazwa nyaya laini sana za platinamu. Akamtaja Joe Biden, aliyefanyiwa ule upasuaji wa kufunguliwa fuvu 1988, akaja kuwa rais wa Marekani 2021. Nadhani alikusudia wema. Mimi nilimchukia Biden wiki nzima.

Mjomba alirudi akaongea na wazee, kwa namna yake, kwenye hitima. Sikuwapo alipoongea. Shangazi bado si rafiki yangu, lakini chai anakunywa.

Kilichobaki kilikuwa changu. Kila kichwa kikiuma nilikuwa naandika namba za siri za benki kwenye karatasi na kuiweka chini ya mto. Nilinunua kipimo cha presha nikawa najipima usiku mpaka mkono unachubuka. Mama mshauri alinipa utaratibu: presha asubuhi, imetosha. Kichwa cha kuchoka, cha njaa, cha jua, hicho ni kile kile nilichokuwa nacho miaka yote. Cha kukimbiza mtu hospitali ni kile kinacholipuka mara moja, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kupata, hasa kikija na kutapika, shingo kukakamaa, kope la jicho kulegea na kushuka, au kuzimia. Hapo humpi mtu dawa za maumivu akalale, unampeleka. Dada zake marehemu nao walielekezwa na daktari: kama kwenye ukoo wametokea wawili au zaidi wenye tatizo hili, kuna maana ya kuomba kupimwa. Kwao hakuna mwingine anayejulikana.

Kikundi cha Jumamosi sikukipenda, na hapa naweza kuwa naonea. Wanachanganya watu wote. Kuna mjane mmoja, mwanamke mwenye haki zote za kulia, alinisikiliza kisha akasema, "Wewe umefiwa na rafiki tu, utapata mwingine." Mshauri wa kikundi, kijana, si yule mama, akatabasamu akampa zamu mtu wa pili. Aache tabasamu. Nilikwenda tena kumpa nafasi, nikaona hajabadilika, nikarudi kwa mama wa makubazi.

Bei ni kubwa kwa mtu wa mshahara wa kawaida, sitawadanganya. Mimi niliomba niwe nakwenda mara moja kwa mwezi baada ya mwanzo kupita, wakakubali bila kinyongo, na kuahirisha hawakutozi ukiwaambia siku moja kabla. Chumba ni safi, maji ya kunywa yapo, choo kina sabuni. Wanaandika maelezo yako kwenye faili la karatasi, nikaomba kuliona, nikaonyeshwa.

Ukienda, mwombe mama wa makamo kwa simu kabla, usiache mapokezi wakupangie. Ukiulizwa umefiwa na nani, sema utamwambia mshauri mwenyewe. Chukua saa za jioni baada ya saa kumi, fundi wa mageti akiwa ameshafunga, maana mchana lile jiwe la kusagia chuma linakata maneno katikati na unalipia dakika za kurudia.