HP MicroServer Gen8: poti moja ndogo inayoifanya kompyuta iwe seva

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kisanduku hiki kilicho mbele yangu ni HP ProLiant MicroServer Gen8, kilichoingia sokoni mwaka 2013, na pamoja na umri wake nimekipenda kuliko mashine yoyote niliyowahi kuiweka juu ya meza hii. Nafasi 4 za diski za inchi 3.5, kumbukumbu ya hadi GB 16, umeme wa wati 150: hayo mengi mnayajua, nami sitayarudia. Nataka tukigeuze tutazame mgongoni.

Mnaona poti 3 za mtandao. Mbili ni za kawaida, kila moja ya gigabiti 1. Ya tatu imeandikwa iLO, kifupi cha Integrated Lights-Out, mfumo wa HP wa kuisimamia seva kwa mbali. Wengi wenu huniuliza seva inatofautianaje na kompyuta ya mezani, mkidhani tofauti ni ukubwa au kasi, lakini kichakataji cha Celeron kilichomo humu kinashindwa na kompyuta nyingi za ofisini. Tofauti iko kwenye poti hii. Nyuma yake imekaa kompyuta nyingine ndogo, yenye kichakataji chake na kumbukumbu yake, ambayo hukaa macho muda wote kebo ya umeme inapokuwa imechomekwa, hata seva yenyewe ikiwa imezimwa.

Tazameni. Seva imezimwa na feni haizunguki. Ninafungua kivinjari kwenye kompyuta mpakato, ninaandika anwani ya IP ya iLO, kisha ninaingiza nenosiri lililochapwa kwenye kilebo kilichokuja na mashine. Ninabofya kitufe cha kuwasha. Subirini kidogo. Hiyo feni imeanza, na mkono wangu haujagusa mashine. Ukurasa huu unanionyesha joto la kichakataji na mwendo wa feni, na hapa chini kuna orodha ya matukio, ambapo iLO imeandika yenyewe saa umeme uliporudi baada ya kukatika jana. Mwenye seva dukani Kariakoo, ambaye ameshafika nyumbani Mbagala usiku, anaelewa thamani ya jambo hili bila mimi kumweleza zaidi.

Lipo linaloniudhi. Bila leseni ya iLO Advanced, ambayo hununuliwa kando, skrini ya seva unayoitazama kwa mbali huonekana wakati wa kuwaka tu, nayo hufungwa mara mfumo endeshi unapoanza kupakiwa, yaani palepale unapoihitaji zaidi. Ukipata mashine ya mtumba, muulize muuzaji kama leseni imo.

La pili ni usalama. Mwaka 2017 ulitangazwa udhaifu katika iLO 4, ambayo ndiyo iliyomo humu, uliomwezesha mtu kupita bila nenosiri kwa kutuma herufi A 29 mfululizo katika ombi lake. Toleo la 2.53 la programu ya iLO 4 liliziba tundu hilo. Sasisheni kwanza, na msiiache iLO wazi kwenye intaneti. Ifikieni kwa VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa kwa usimbaji ndani ya intaneti.

Dell nao wana iDRAC, mtambo wa aina hiyohiyo, ila hawakuuweka kwenye PowerEdge T20, mshindani wa kisanduku hiki wa mwaka uleule. T20 yenye Xeon, kichakataji cha Intel cha seva, hutegemea Intel AMT, njia ya Intel ya kuidhibiti mashine kwa mbali. Nilikuwa nikiisifu sana T20 kwa nguvu zake, na leo nimebadili msimamo.

Kuhusu bei, tahadhari moja. Mashine hii hutumia kumbukumbu za ECC, ambapo kila biti 64 za data huongezewa biti 8 za ukaguzi, hivyo biti moja ikigeuka husahihishwa papo hapo. Lakini zinazouzwa rahisi, zilizotolewa kwenye seva kubwa, ni za aina iitwayo rejista (registered), yenye chipu ya ziada kati ya kumbukumbu na kichakataji, na humu hazifanyi kazi hata kidogo. Hakikisha lebo inasema ECC isiyo ya rejista (unbuffered). Vishikio vya diski navyo visikudanganye, ukadhani diski huchomolewa mashine ikiwaka: ni lazima uzime mashine kabla ya kuchomoa diski. Mwanzoni nililiona hilo kosa kubwa, ila kwa ofisi ndogo, kuzima kwa dakika 5 jioni kunavumilika.

Kipindi kijacho nitatoa Celeron hii na kupachika Xeon E3-1265L v2. Jiungeni na chaneli, na mniandikie hapo chini diski mnazotaka nizijaribu.